Safari Rally Naivasha: mwongozo wa mtazamaji anayekwenda mara ya kwanza

Wiki ya Safari ikikaribia, maswali huwa yale yale. Tiketi zinauzwa wapi? Tukae mkondo gani? Probox itafika? Watoto tuwabebe? Na kuna lile la Jumapili usiku, mtu akiwa amekwama Kinungi, njiani kurudi Nairobi, saa tatu nzima: hivi hapa hakuna njia nyingine? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa siku zenyewe, kwa anayetoka Nairobi au mbali zaidi na hajawahi kusimama kando ya mkondo.

Kwanza, rali si mpira. Hakuna uwanja wala viti. Magari hupita moja moja kwenye barabara za vumbi zilizofungwa, kila moja likishindana na saa, na kila kipande kinachopimwa saa ndicho mkondo. Gari litakuwa mbele ya macho yako sekunde tano hadi kumi, kisha utangoja dakika kadhaa lije jingine. Ndiyo maana mahali uliposimama ndipo penye siku yako yote. Chagua mkondo mmoja kwa siku. Wanaokimbilia miwili au mitatu hurudi nyumbani wakiwa wameona zaidi foleni ya watazamaji wenzao.

Pili, Safari ya sasa si ile ya kina baba. Ilianza 1953, ikawa kwenye ubingwa wa dunia, yaani WRC, kuanzia 1973 hadi 2002, kisha ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha. Enzi za madereva kama Joginder Singh na Shekhar Mehta, magari yalipita katikati ya watu na barabara ikiwa wazi. Siku hizi mikondo iko ndani ya ranchi, hifadhi na mashamba, na magari yakiwa kwenye barabara kuu huwa yanatembea mwendo wa kawaida kwa kufuata sheria kama matatu yoyote. Mzee akikuambia "simama tu kando ya lami utayaona," anazungumzia Safari ile.

Vitu vya kubeba

Kwa kila mtu:

- Maji lita 3 kwa siku. Kwenye mikondo mingi hakuna duka, na penye vibanda bei huwa ya sikukuu.
- Chakula kisichoharibika kwa jua: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, njugu. Nyama choma iache ya jioni mjini.
- Leso au skafu ya kufunika pua na mdomo, na miwani inayoziba pembeni. Vumbi la Naivasha ni la volkano, laini kama unga wa ngano.
- Jaketi nzito na kofia pana. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari: alfajiri utatetemeka, na kufikia saa sita mchana ngozi inababuka.
- Koti la mvua. Mwaka 2021 hadi 2023 Safari ilikuwa Juni; 2024 na 2025 ikawa Machi, masika yanapokaribia, na mvua ya alasiri hugeuza vumbi lile kuwa matope ya kuteleza.
- Viatu vilivyofungwa. Kuna miiba ya migunga inayotoboa soli ya ndala.
- Karatasi ya choo, mfuko wa taka, tochi ya kichwani.
- Pesa taslimu za noti ndogo. Watu wakiwa maelfu mahali pamoja, mtandao hulemewa na M-Pesa hukwama, na mwenye boda boda hatakungoja hadi ujumbe uingie.
- Betri ya akiba ya simu, na ramani iliyopakuliwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa watoto ongeza vizibo vya masikio. Magari haya hupiga mlio kama risasi dereva anapoachilia mafuta, na mtoto mdogo hulia siku nzima kwa sababu hiyo tu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta ratiba ya mwaka huu. Usitumie ya mwaka jana, hata kama ni rafiki yako aliyekutumia. Mikondo hubadilishwa, huongezwa na hupinduliwa ikaendeshwa kutoka upande wa pili. Mwaka 2025, kwa mfano, Ijumaa ilikuwa na Loldia, Geothermal, Kedong na mkondo mpya wa Camp Moran. Jumamosi Sleeping Warrior, Elmenteita na Soysambu. Jumapili Malewa, Oserengoni na Hell's Gate. Ratiba na ramani za watazamaji hutolewa na waandalizi kabla ya mashindano.

Hapa ndipo wengi hukosea saa. Ratiba huandikwa kwa saa 24: 08:03 ni saa mbili na dakika tatu asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Kuna watu hufika mkondo wa saa mbili ikiwa saa nane. Programu za simu nazo huweza kuonyesha saa za Ulaya, basi hakikisha umeiweka kwenye saa za Nairobi.

Kuhusu tiketi: kwa kawaida sehemu za wananchi kwenye mikondo hazilipiwi. Kinachouzwa ni mahema yenye viti, kivuli na chakula. Ukipigiwa simu na mtu anayekuuzia "pasi ya mkondo" kupitia namba yake binafsi, kata simu.

2. Chagua mkondo kulingana na gari na watu ulio nao. Ukiwa na gari dogo na watoto, anza na Jumapili, Hell's Gate. Huufikia kwa Moi South Lake Road, mandhari yake ni ya miamba mirefu, na ndio umekuwa ukitumika kama Power Stage, mkondo wa kumalizia ambao madereva watano wa kwanza hupata pointi za ziada. Nao kwa hivyo hawaendeshi kwa kuhurumia gari. Lakini kila mtu analijua hilo, na msongamano wake ni wa kiwango chake.

Kedong, kusini mwa Mlima Longonot, ni kwa mwenye gari la juu. Umewahi kuzidi kilomita 30 na una vumbi refu linaloitwa feshfeshi, ambalo hufunika mawe na mashimo hadi yasionekane. Hapo ndipo Safari huvunja magari. Ukitaka kujua kwa nini mashindano haya yanaogopwa, nenda Kedong. Ukitaka kurudi na gari safi, usiende.

Mikondo ya Jumamosi, Soysambu na wenzake, iko mbele ya Gilgil ukielekea Nakuru. Ni uwanda wazi unaoliona gari likitoka mbali na mkia wa vumbi nyuma yake, na kwa maoni yetu hakuna picha nzuri kuishinda hiyo katika Safari nzima. Kosa la kila mwaka ni kulala Naivasha halafu kuanza safari saa kumi na mbili asubuhi.

3. Weka malazi mapema, na usiyaweke mahali pamoja. Vyumba vya Naivasha hujaa wiki nyingi kabla na bei hupanda mara mbili au zaidi. Ijumaa usiku lala Gilgil au Nakuru ikiwa unakwenda Soysambu. Ni nafuu na unaamkia karibu. Hema kando ya ziwa ni sawa, ila lala ndani ya uzio: viboko hutoka majini usiku kula majani, na kiboko akikukuta katikati yake na ziwa hakupishi. Kama unataka usingizi, ulizia hema lako liko mbali kiasi gani na jukwaa la muziki. Vasha, yaani Naivasha, wiki hiyo hailali.

4. Tayarisha gari siku mbili kabla. Badilisha au pulizia filta ya hewa. Kagua gurudumu la akiba, kisha tupia ndani ubao wa mraba wa kuweka chini ya jeki, kwa kuwa jeki huzama kwenye vumbi kama kijiko kwenye uji. Ongeza kamba ya kuvutia gari, sepetu na pampu ndogo. Jaza tangi kabla ya kufika Naivasha, maana foleni ya petroli mjini huweza kula asubuhi yote.

Probox itafika? Kwenye maegesho ya Hell's Gate na sehemu kubwa ya Soysambu, ndiyo, kukiwa kukavu. Kedong, la. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi, hata gari la magurudumu yote manne lenye tairi za lami hukwama.

5. Fika kabla barabara haijafungwa. Njia za mkondo hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, na ikishafungwa hakuna kubembeleza. Kwa mkondo wa asubuhi, uwe umeegesha kufikia saa kumi na mbili. Geuza gari liangalie njia ya kutokea. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa sababu ekzosi yenye moto imewasha nyasi mara nyingi, na usizibe njia ya ambulensi hata kama umeona wengine kumi wameziba. Hifadhi mahali ulipoegesha kwenye ramani ya simu. Jioni magari elfu moja yenye vumbi huwa rangi moja.

Kutoka hapo ni kutembea, pengine kilomita moja au mbili. Tembea kwa kundi na fuata njia waliyoonyesha mamarshali, wasimamizi wa mkondo. Njia ya mkato kwenye vichaka vya Soysambu au Hell's Gate ni njia ya nyati.

6. Chagua pa kusimama. Hatua hii ipe nusu saa nzima.

Sheria ya kwanza: juu na ndani. Juu, maana yake ardhi yako iwe imeinuka kuliko barabara, angalau kimo cha mtu. Ndani, maana yake upande ambao kona inakunjia. Gari likipoteza mwelekeo hutoka nje ya kona, na likifika pale halichagui. Usisimame kamwe nje ya kona, wala mbele ya mahali gari linaporuka, wala mwishoni mwa barabara iliyonyooka inayokatika ghafla, wala kwenye mtaro. Nyuma ya utepe si salama kwa sababu tu kuna utepe. Utepe hauzuii gari la zaidi ya tani moja.

Soma ardhi kabla ya kukaa. Tazama changarawe iliyosukumwa pembeni: upande wenye rundo kubwa ndio mawe yanakorukia. Tazama alama za tairi zinazokata ndani ya kona. Madereva huchinja kona, na sentimita unazodhani ni za nyasi wao wanazihesabu kuwa barabara. Ukiwa ndani, rudi nyuma zaidi ya alama hizo kwa mita kumi au zaidi.

Halafu upepo. Chota vumbi kiganjani, nyosha mkono, liachie. Likikujia usoni, hamia upande wa pili wa kilima. Wanaopuuza hili huona gari la kwanza tu. Yaliyobaki huyasikia ndani ya wingu.

Mwisho, jiulize: gari likija huku, nakimbilia wapi? Kama jibu ni mwamba, uzio au watu mia wamekaa nyuma yako, hapo si mahali. Usikae chini wakati magari yanapita, na usiligeuzie gari mgongo ili ujipige picha.

7. Hesabu saa ya gari lako. Saa iliyo kwenye ratiba ya watazamaji kwa kawaida ni ya gari la kwanza kuanza mkondo. Kama ratiba inasema 08:03, gari la kwanza linaondoka saa hiyo. Ukiwa kilomita 10 ndani, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa, litakufikia dakika sita baadaye: saa mbili na dakika tisa.

Kabla yake kuna dalili. Magari ya usalama hupita na ving'ora: yenye namba 000, kisha 00, kisha 0. Likipita la 0, nyamaza na ushike watoto mikono. Kisha helikopta. Ukiisikia helikopta iko chini na inazidi kukaribia, gari liko chini yake.

Namba ya mlangoni si zamu ya kuondoka. Elfyn Evans, aliyeshinda 2025, ametumia 33 kwa miaka mingi. Siku ya kwanza anayeongoza ubingwa hutangulia, na hiyo ni adhabu kuliko heshima, kwa sababu anawafagilia wenzake changarawe. Siku zinazofuata mpangilio hupinduliwa, wa mbele katika matokeo wakiondoka mwisho miongoni mwa magari makubwa, yaani ya daraja la juu. Angalia pia bomba lililopanda juu pembeni ya kioo cha mbele: ni pua ya injini, huwekwa ili ivute hewa juu ya vumbi na maji.

8. Usiondoke magari makubwa yakiisha. Nusu ya watu huinuka gari la kumi likipita na kuanza kutembea barabarani. Ni hatari, na ni hasara. Nyuma ya magari hayo kuna daraja la WRC2, lililo chini yake, kisha Wakenya wenyewe; majina kama Karan Patel na Carl Tundo hayako kwenye magari kumi ya kwanza, na ndio wanaoijua ardhi hii. Mkondo hubaki umefungwa hadi gari la kufagia, la mwisho kabisa, lipite na marshali aseme umefunguliwa. Mikondo mingi hukimbiwa mara mbili, asubuhi na alasiri. Mara ya pili barabara imechimbika na mawe yamefukuka, basi rudi nyuma kuliko asubuhi.

9. Tenga jioni moja kwa kituo cha matengenezo. Kimekuwa kwenye Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha. Mafundi hupewa dakika 45 jioni, nao katika muda huo huweza kubadilisha giaboksi na vibeba mshtuko vyote. Simama kando ya hema la timu dakika kumi kabla gari halijafika, uone vipuri vikipangwa sakafuni kama vyombo vya daktari.

10. Ondoka kwa akili. Jumapili jioni barabara zote mbili za kwenda Nairobi, ya juu kupitia Kinungi na ya chini kupitia Mai Mahiu, hujaa. Ya chini si mkato. Ina kona, malori na madereva waliokunywa. Una njia mbili za maana: ondoka mara tu baada ya mkondo wa asubuhi, au lala tena na utoke Jumatatu alfajiri. Kuondoka saa kumi na moja jioni ni uamuzi wa kulala barabarani.

Mambo yakienda mrama

*Magari yamekatika dakika ishirini.* Mkondo umesimamishwa, pengine kuna ajali. Bendera nyekundu kwa marshali mwenye redio ya mawasiliano ina maana hiyo. Baki ulipo: mara nyingi gari jingine hutumwa bila wewe kujua.

*Gari limepinduka mbele yako.* Usivuke barabara. Lijalo liko dakika mbili au tatu nyuma. Tazama ubao unaoonyeshwa na dereva au mwelekezi anayekaa kando yake: kijani chenye OK, wako salama, chekundu chenye SOS, wanahitaji daktari, mwarifu marshali aliye karibu mara moja. Kusukuma gari liinuke ni hadi marshali aruhusu, na usishike chini yake. Ekzosi inaunguza nyama.

*Gari lako limezama kwenye vumbi.* Acha kukanyaga mafuta, unajichimbia. Ondoa vumbi mbele ya tairi kwa sepetu, punguza upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi kama 24, toka polepole kwa gia ya pili. Jaza tena upepo kabla ya kupanda lami.

*Mvua imeanza.* Mwenye gari dogo aondoke kabla udongo haujalowa, hata kama mkondo haujaisha. Hell's Gate, usishuke korongoni kujikinga: mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watalii humo, na maji hutoka mvua iliyonyesha mbali.

*Vumbi limeingia machoni.* Usifikiche. Mwagia maji safi ukiwa umeinamisha kichwa pembeni. Lenzi ya kamera nayo ipulizie kwanza. Ukiifuta kwa leso utaikwaruza.

*Mtoto amepotea.* Kabla ya kuondoka nyumbani, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Akipotea, nenda kwa marshali mwenye redio badala ya kuzunguka mwenyewe. Mkondo wote utajua ndani ya dakika moja.

*Injini inachemka kwenye foleni.* Zima kiyoyozi, washa hita, egesha pembeni. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Mara nyingi sababu ni vumbi na nyasi zilizoziba rejeta mbele. Injini ikipoa, zitoe kwa brashi. Na ukifika nyumbani, toa filta ya hewa na uigonge chini kabla ya kuwasha gari tena. Kitakachomwagika ni Kedong yenyewe.